Aldosteroni ya mama iko juu: chanzo chaweza kuwa nini?

Mkaazi wa Kisauni
Asalaam aleikum. Mama anatumia dawa tatu za presha na bado haishuki. Vipimo vimeonyesha potasiamu iko chini na aldosteroni iko juu, na sasa daktari ameagiza kipimo cha renini. Majirani wanalaumu achari na joto la kaskazi. Naomba mwenye ujuzi anieleze ni mambo gani hasa huipandisha homoni hii.

Mwuguzi mstaafu, Likoni
Wa aleikum salaam, mwanangu. Aldosteroni hutolewa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, na kazi yake ni kuifanya figo ibakishe chumvi mwilini na kuitoa potasiamu kwa mkojo. Figo ikihisi kwamba damu inayoifikia imepungua, hutoa renini, na renini ndiyo huanzisha mlolongo unaozihimiza tezi hizo. Kwa hiyo, vyote viwili vikiwa juu, chanzo hutafutwa nje ya tezi: mshipa wa figo uliosinyaa, moyo uliochoka kusukuma damu, ini lenye makovu, au hata vidonge vya kukojoza alivyopewa kwa ajili ya presha yenyewe. Renini ikiwa chini, tezi zinajiendea zenyewe, ama kwa uvimbe mdogo ambao mara nyingi si saratani, ama kwa kunenepa tezi zote mbili. Hali hii ilielezwa na daktari Mmarekani Jerome Conn mwaka 1955, na wagonjwa wengi wa presha sugu wanayo bila kujua.

Msomaji, Mji wa Kale
Kuhusu achari, majirani wamegeuza mambo. Chumvi ni adui wa presha, lakini kwa mtu mwenye tezi nzima huishusha aldosteroni. Ikibaki juu kwa mtu anayekula chumvi sawasawa, hapo ndipo tezi hushukiwa. Jasho jingi bila kunywa maji laweza kuipandisha kweli, ila renini nayo hupanda.

Mkaazi wa Kisauni
Nashukuruni. Je, nimpe madafu ili potasiamu irudi?

Mwuguzi mstaafu, Likoni
Muulize daktari kwanza. Potasiamu ikiwa chini huifanya aldosteroni ionekane ndogo kuliko ilivyo, kwa hiyo hurekebishwa kabla ya kipimo, tena kwa kiasi kinachojulikana. Na iwapo miongoni mwa dawa zake imo spironolaktoni, dawa inayozuia kazi ya aldosteroni na hivyo kubakisha potasiamu mwilini, madafu ya kila siku yaweza kuipandisha potasiamu hadi ikadhuru moyo. Dawa hiyo pia huvuruga kipimo, na kwa kawaida husimamishwa wiki 4 kabla, lakini msiisimamishe nyinyi wenyewe nyumbani.