Naomba ushauri: Jetfire wa 1985 aliyegeuka manjano

Ndugu wakusanyaji wenzangu, nawasalimu. Ninaye Jetfire wa mwaka 1985, yule roboti wa kuchezea wa Transformers anayegeuka ndege ya kivita, ambaye kampuni ya Hasbro ilimuuza Marekani kwa kutumia kalibu ya Takatoku, kampuni ya vitu vya kuchezea ya Japani. Kama mnavyojua, plastiki yake nyeupe hugeuka manjano kwa umri na mwanga, na huyu wangu amefikia hatua ambayo bawa la kushoto lina rangi ya chai ya maziwa, ilhali chini ya deraya nyekundu, mahali ambapo mwanga haukufika, weupe umebaki vilevile.

Nimemwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni bila mafanikio. Kisha nilijaribu kipande kimoja kidogo, nikakipaka krimu ya peroksaidi ya asilimia 12, ile wanayotumia wasusi kupaushia nywele, nikakifunga kwa nailoni na kukianika juani kwa muda wa saa 4. Kweli kiling'aa, lakini kimebaki na mabaka kama mawingu, na tangu hapo naogopa kuyagusa mabawa, hasa kwa kuwa stika zake za asili bado zimeshika.

Je, kukizamisha kipande kizima ndani ya peroksaidi ya maji, badala ya kupaka krimu, huzuia mabaka hayo? Na stika zilindwe vipi, au ni afadhali nimwache na umanjano wake, ikizingatiwa kwamba plastiki iliyopaushwa huweza kurudia hali ileile?

Natanguliza shukrani.