Maboya ya hifadhi yameng'olewa bwawani katikati ya msimu wa mayai, halafu tunaambiwa tutulie

Wakuu, nimekaa na hili tangu Jumamosi nikisema hasira ipoe kwanza ndipo niandike. Haijapoa.

Wanaolifahamu bwawa letu wanajua mkia wake, kule mto unakoingilia. Maji mafupi, matete, tope. Miaka yote niliyovua pale kulikuwa na mstari wa maboya ya njano umekatiza kutoka kingo hadi kingo. Ukiyafikia, unageuza boti. Sijawahi kusikia mtu akilalamika, kwa sababu upande wa ukuta kuna kina na nafasi ya kukimbiza boti mpaka mafuta yaishe.

Jumamosi asubuhi nafika, mstari haupo. Maboya nimeyakuta yamerundikwa kando ya banda la boti, kamba zikiwa bado zinachuruzika maji.

Sasa niwaambie nilichokiona. Nilikuwa na wiki mbili nafuatilia kwa darubini kiota cha kibisi, ndege wa majini. Kibisi hapandi mtini. Anakusanya majani yaliyooza, anayashindilia, anayashikiza kwenye mashina mawili matatu ya matete, kiota kinaelea vidole vichache tu juu ya maji. Akitoka anayafunika mayai kwa majani, ndiyo maana yanatagwa meupe na baada ya siku kadhaa yamekuwa ya kahawia. Kile kilikuwa na mayai manne.

Saa tatu na kitu ikaingia boti inavuta mtu kwenye ubao. Haikukigusa kiota, ilipita mbali tu, na sidhani kama dereva alikiona. Wimbi la kwanza likakiinua. La pili likakilalia. Maji yalipotulia kiota kilikuwa kimeinama upande mmoja na juu yake hakuna kitu. Baada ya muda kibisi akarudi na jani mdomoni. Akaliweka, akalipanga. Akaenda kuleta jingine.

Sina ugomvi na yule dereva. Boya halipo, angejuaje? Ugomvi wangu ni na waliolitoa.

Nikaenda ofisini kwa wasimamizi. Nikajibiwa kwamba wageni wameongezeka, eneo la boti limebana, wananchi wana haki ya kuburudika, na maboya yatarudishwa msimu ukiisha. Nikauliza, msimu upi? Wa wageni! Jamani, huo ukiisha vifaranga ama wameshajua kuogelea ama hawakuwahi kutoka kwenye yai. Boya la wakati huo linamlinda nani? Na ramani iliyobandikwa getini hadi leo inaonyesha mkia umefungwa. Yaani mgeni anasoma katazo getini, akifika majini halipo.

Hiyo "haki ya kuburudika" isitumike kutuziba midomo. Mimi ndiye huyo mwananchi. Navua pale, naogelea pale, wanangu wamejifunza kuogelea pale. Hakuna aliyeniuliza kama nahitaji ule mkia. Kisichoeleweka ni kwamba ndege hawahitaji bwawa zima. Wanahitaji pale penye maji mafupi, na wanapahitaji zaidi miezi ya kutaga. Boti inahitaji kina. Mahitaji haya mawili hayakuwa yanagombana mpaka mtu alipoyagombanisha.

Na msiniambie haiwezekani. Rutland Water kule Uingereza ni bwawa lililotengenezwa na watu kama letu, la kuhifadhi maji ya kunywa, lililojazwa miaka ya 1970. Kuna boti za matanga, kuna wavuvi, kuna njia za baiskeli, ila upande wa magharibi umeachwa kuwa hifadhi. Mwaka 1996 wakaanza kuleta pale makinda ya tai wala samaki kutoka Scotland, na mwaka 2001 tai hao wakazaa eneo hilohilo. Watu hawakufukuzwa. Mstari ulichorwa, ukaheshimiwa.

Wenye kayaki nao wasijifiche nyuma ya kelele za injini. Kayaki haina wimbi la maana, kweli, lakini ndiyo inayopenya hadi ndani ya matete ambako boti kubwa haifiki. Ndege anaruka, mayai yanabaki wazi juani, kunguru anaangalia. Dakika kumi za mtu kupiga picha zinaweza kumaliza kiota.

Na sisi wavuvi tujiseme pia. Nimeokota mishipi iliyokatika imejiviringa kwenye matete, mmoja ukiwa na mguu wa ndege ndani yake, mguu peke yake. Na hizi chubwi za risasi, vile vizito vya madini ya risasi vya kuzamishia mshipi, tunazoangusha kila siku: batamaji huokota vijiwe chini ili visage chakula tumboni, akimeza chubwi badala ya kijiwe anakufa kwa sumu. Uingereza walizuia kuuza nyingi za aina hiyo mwaka 1987, baada ya batamaji wengi kufa. Chubwi zisizo na risasi zipo. Tubadilishe, hilo halihitaji ruhusa ya ofisi yoyote.

Najua watakuja wengine hapa kusema bwawa lizungushiwe uzio, watu wote watoke. Siwaungi mkono hata kidogo. Mimi nisingekijua kile kiota kama ningekuwa nimefungiwa nje, na wala nisingeandika uzi huu.

Ninachodai ni hiki: maboya yarudi majini wiki hii, siyo mwisho wa msimu. Boti zipunguze mwendo zikikaribia mstari, kwa sababu wimbi halisimami kwenye boya. Na uamuzi wa kuuhamisha au kuuondoa mstari ubandikwe wazi, na jina la cheo kilichouidhinisha, kabla haujatekelezwa.

Barua nimeshaandika, naipeleka Jumatatu. Mwenye picha za mkia wa bwawa maboya yakiwepo, hata za miaka ya nyuma, aziweke hapa chini. Nataka kuziambatanisha, maana pale ofisini kuna aliyenitazama usoni akaniambia mstari huo haukuwahi kuwepo rasmi.