Miaka minane ya gereji bila cheti cha ufundi: niko ngazi gani, na nipandeje?

Mikono Meusi (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa wa rika langu, habari za kazi.

Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Dar es Salaam. Nilimaliza kidato cha nne na kupata daraja la nne, mjomba akanipeleka gereji ya rafiki yake Ilala, nikaanza kama spana boi: kuosha vyuma kwa petroli, kushika tochi, na kuleta spana namba 14 kabla fundi hajaitaja mara ya pili. Mwaka wa tatu nilikuwa nashusha giaboksi peke yangu, na mwaka wa tano nilikuwa nafungua injini na kuifunga upya, ikiwaka bila moshi. Hakuna siku niliyoambiwa kwamba sasa nimekuwa fundi. Wateja tu ndio walioanza kuniita hivyo.

Miezi 14 iliyopita niliajiriwa katika karakana ya kampuni. Mkataba wangu unasema "Fundi Msaidizi", na mshahara unafuata cheo. Mwezi uliopita ililetwa Hiace ya kubebea watoto wa shule ambayo kila asubuhi ilikuwa inasukumwa. Ilikuwa imebadilishwa betri, kisha altaneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka), na kadi ya kazi ilielekeza ibadilishwe altaneta nyingine. Niliwasha taa na feni injini ikiwa inaunguruma, nikapima: kwenye altaneta volti 14.4, kwenye betri 12.9. Nikaweka ncha moja ya maltimita, yaani kipimo cha umeme, kwenye chuma cha injini na nyingine kwenye hasi ya betri, nikakuta volti 1.3 zinapotelea hapo. Waya wa ethi, yaani ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari, ulikuwa umefungwa juu ya rangi mpya, kwa kuwa gari lilikuwa limetoka kunyooshwa bodi. Nilikwangua rangi, nikakaza bolti, betri ikasoma 14.1, na haijasukumwa tena. Sifa zilikwenda kwa fundi wa daraja la kwanza ambaye jina lake liko kwenye kadi.

Sasa meneja amenipendekeza nihamie mapokezi, niwe mtu wa kupokea magari na kuzungumza na wateja, kwa mshahara unaozidi wa sasa. Sijui kama huko ni kupanda au ni kuacha ufundi. Je, nikubali, au nitafute vyeti kwanza? Na kwa hali yangu, mimi ni fundi wa ngazi gani?

Pesa Kwanza

Mkuu, chukua nafasi ya mapokezi. Mgongo wa fundi haudumu, na hakuna anayezeeka vizuri chini ya gari. Maswali ya ngazi utayauliza ukiwa umevaa shati safi.

Mzee wa Karakana

Marahaba, mwanangu. Nimesimamia karakana kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na nitakujibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu swali lako la mwisho ndilo linalobeba mengine yote.

Tatizo la nchi yetu ni kwamba neno "fundi" linamtosha kila mtu, kuanzia aliyejua jana kubadilisha oili hadi anayeweza kukaa na gari lisilo na dalili inayoeleweka akalipatia jibu. Ndani ya karakana mimi nilikuwa nawatofautisha kwa kazi ninayoweza kuwaachia bila kurudi kuangalia. Msaidizi nilimwachia kufungua na kusafisha. Fundi wa matengenezo ya kawaida nilimwachia oili, filta, breki pedi, shokapu na boljointi. Fundi kamili nilimwachia injini na giaboksi, naye alijua kukaza bolti za silinda hedi kwa mpangilio na kwa kipimo, si kwa nguvu za bega. Juu yake yupo mpimaji, yaani yule anayeambiwa "gari linasumbua" na akarudi na sababu pamoja na namba za kuithibitisha. Watu hawa ni wachache kuliko tunavyokiri. Karakana nyingi zina mashine ya kusoma makosa, lakini mashine ikisema sensa fulani ina hitilafu, fundi hukimbilia kununua sensa bila kupima waya unaokwenda kwenye hiyo sensa.

Ulichofanya kwenye ile Hiace ni kazi ya mpimaji. Uligawa njia ya umeme vipande, ukapima kila kipande kikiwa kimebeba mzigo, ukaacha namba zikuonyeshe. Lakini nakuuliza: zile namba uliziandika wapi? Ikiwa jibu ni kwamba uliziandika hapa na si kwenye kadi ya kazi, basi usimlaumu sana mwenzako wa daraja la kwanza. Meneja huamini kadi, na kadi inasema altaneta.

Mwalimu wa Fani

Ninafundisha fani ya ufundi magari, kwa hiyo nitajikita kwenye vyeti, na nianze na jambo linalowachanganya waombaji wengi wa kazi, yaani namba za madaraja.

Katika tredi testi za zamani, yaani majaribio ya ufundi, daraja la tatu lilikuwa la chini na daraja la kwanza la juu. Katika tuzo za sasa za ufundi stadi, ambazo watu huziita NVA, mambo yamegeuka: ngazi ya kwanza ndiyo ya chini na ya tatu ndiyo ya juu. Kwenye utumishi wa umma utakuta tena Fundi Mchundo Daraja la II akiwa anaanza kazi, kisha anapanda kwenda daraja la I. Nimeshuhudia kijana akijieleza kwenye usaili kwamba ana "namba tatu", na mzee aliyekuwa anamsaili akaelewa kwamba ni mwanafunzi wa mwisho darasani, kumbe alikuwa na cheti cha juu kabisa cha fani yake. Andika jina kamili la tuzo, usiandike namba pekee.

Tofauti nyingine ni kati ya fundi mchundo, fundi sanifu na mhandisi. Fundi mchundo hutokana na mafunzo ya ufundi stadi, na kazi yake ni ya mikono. Fundi sanifu anatarajiwa kuwa na stashahada, yaani ngazi ya 6 ya NTA (mfumo wa tuzo za vyuo vya elimu ya ufundi), na hutakiwa kupanga kazi, kuandika taarifa na kuwaongoza mafundi mchundo. Mhandisi ni mwenye shahada, na husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ukisoma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira utaona kada hizi zimetenganishwa waziwazi, na uzoefu hata wa miaka 20 hauwezi kukuvusha kutoka moja kwenda nyingine bila karatasi.

Kwa hali yako, usianze darasani pamoja na vijana wanaojifunza majina ya spana. VETA, yaani mamlaka ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Mtathmini hukuona ukifanya kazi na kukuhoji, mapengo yakionekana hufundishwa, kisha unatunukiwa cheti cha ngazi unayostahili. Nenda chuo chao kilicho karibu nawe, kwa mfano Chang'ombe, uulize tathmini ijayo ya fani ya magari. Mapengo ninayoyaona kwa watu wa gereji za mtaani si ya mikono kabisa. Ni michoro ya umeme, usalama kazini, na kueleza kwa maneno kwa nini kifaa kinafanya kazi. Ukifika NVA ngazi ya tatu, pamoja na cheti chako cha kidato cha nne, unaweza kuomba ngazi ya 4 ya NTA, na kuanzia hapo stashahada ya magari iko mbele yako, iwe Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo au Chuo cha Ufundi Arusha. Soma masharti ya chuo husika kabla ya kulipa ada ya maombi.

Jirani wa Nairobi

Hujambo ndugu. Hapa Kenya majaribio ya ufundi yanayosimamiwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, bado yanafuata mtindo wa zamani: unaanza Grade III, unapanda hadi Grade I. Mimi nilijifunza kazi Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na nilifanya Grade III nikiwa tayari na miaka sita ya gereji. Ilinikera kupewa ngazi ya chini, lakini nilipoomba kazi ya kutunza malori ya kampuni, ile karatasi ndiyo iliyonipitisha mlangoni, na mikono ikafanya mengine. Nakushauri usione aibu kuanza chini kwenye karatasi.

Dada wa Mapokezi

Naomba niwasahihishe kidogo mnaoiona mapokezi kama kazi ya shati safi. Nimeifanya kwa miaka minne. Mteja anafika saa moja na nusu asubuhi, ana hasira, anasema gari "linapiga kelele". Ni juu yako kumdodosa ni kelele gani, upande gani, akikata kona au akipita tuta, injini ikiwa ya baridi au ya moto. Kisha unazunguka gari pamoja naye na kuandika kila mkwaruzo mbele yake, unafungua kadi, unakadiria gharama, na saa sita unampigia kumwambia kwamba kuna kazi ya ziada ambayo hakuitarajia. Fundi akichelewa, anayetukanwa ni wewe.

Faida yake ni kwamba unajifunza upande wa fedha wa karakana: saa za kazi zinazotozwa, faida ya spea, na kwa nini gari lililorudi na tatizo lilelile linakula faida ya magari kadhaa. Mameneja wengi ninaowajua walipitia hapo. Hasara ni kwamba baada ya miaka miwili mikono inaanza kusahau, na magari mapya hayakusubiri. Kabla ya kukubali, kaka yangu, muulize meneja mambo mawili, na umwombe ayaandike. Je, cheo kitabadilika, au utakuwa Fundi Msaidizi anayekaa mezani? Na je, usipofaa baada ya miezi mitatu, utarudi kwenye nafasi gani?

Waya za Chungwa

Nitaongeza moja tu. Magari ya haibridi, yaani yanayotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, yamejaa mjini, na betri kubwa ya Prius ni takriban volti 200. Waya zake zina ganda la rangi ya chungwa ili usizishike kwa mazoea. Kabla ya kugusa mfumo huo unazima gari, unaondoa plagi ya usalama ukiwa umevaa glovu za kuzuia umeme, kisha unasubiri angalau dakika 10 ili kapasita, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme, zimalize chaji, halafu unapima kuhakikisha. Kijana mwenye akili ya kupima kama yako akisomea eneo hili, hatagombania daraja na mtu. Ujerumani waliunganisha ufundi makenika na umeme wa magari kuwa fani moja tangu mwaka 2003, na mafunzo yake huchukua miaka mitatu na nusu, wakati sisi bado tunasema "mimi ni makenika, mambo ya umeme muite fulani".

Mikono Meusi (mleta uzi)

Nawashukuru nyote. Mzee wangu, swali lako limenigusa mahali panapouma, kwa sababu kweli sikuandika popote. Nilimwambia fundi kwa mdomo, naye akasaini. Gereji nilikokulia hapakuwa na kadi. Mteja alisimama pembeni akiona.

Nilimfuata meneja jana na maswali ya dada. Amesema cheo cha mapokezi kingekuwa kipya, lakini kurudi hakupo. Nimemwomba anipe hadi mwisho wa mwaka nifanyiwe tathmini ya VETA, naye hakufurahi wala hakukataa, alisema atatafuta mtu mwingine na nafasi ikipatikana tena tutazungumza. Najua huenda nimepoteza fedha hapo.

Jambo moja limenishangaza. Alipotaka kujua nina leseni ya kuendesha nilimjibu sina, akasema hata angetaka kunipandisha kuwa fundi kamili asingeweza kunipa gari la mteja ili nilijaribu barabarani. Miaka minane nimekuwa nikiyaendesha ndani ya uzio tu.

Mzee wa Karakana

Hilo la leseni lishughulikie kwanza, hata kabla ya VETA. Daraja D linatosha kwa magari madogo. Fundi asiyeweza kulisikia gari likiwa barabarani anategemea masikio ya mwingine, na huyo mwingine ndiye atakayesaini. Kuhusu mapokezi, hukukosea. Mtu akienda huko akiwa mpimaji mwenye cheti, mafundi humheshimu akiwarudishia kazi.

Mikono Meusi (mleta uzi)

Narudi baada ya wiki mbili. Nimejiandikisha shule ya udereva, na VETA wamenipa fomu. Msimamizi amekubali niandike kadi mwenyewe kwa kazi ninazopima. Hii ndiyo ya kwanza, mniambie kama imekaa sawa:

*Malalamiko ya mteja: gari linazima likiwa foleni, injini ikiwa ya moto. Vipimo: feni ya rejeta haizunguki, fyuzi nzima, relei (swichi ya umeme ya feni) inapokea volti 12.4 lakini haipitishi. Feni ikipewa umeme moja kwa moja inazunguka. Kazi: kubadilisha relei. Baada ya kazi: feni imejiwasha yenyewe mara tatu ndani ya dakika 25, gari halikuzima. Fundi:* (na hapo nimeweka saini yangu).

Mzee wa Karakana

Imekaa sawa. Ila hukuandika kilomita za gari wala tarehe. Rudi ukazijaze kabla haijaingia kwenye faili.