Kwa nini korido tupu inanitisha kuliko mapanga na mazombi?

Mlinzi_wa_Zamu: Wakuu, habari za usiku. Nalinda jengo la ofisi Kariakoo, ghorofa nne, naingia saa kumi na mbili jioni natoka asubuhi. Juzi nilimalizia bando kwa ile video ya Backrooms ya Kane Parsons. Dakika tisa tu. Mtu ana kamera mkononi, anaanguka, anajikuta kwenye vyumba vya manjano visivyo na mwisho: zulia, taa za tyubu zinavuma, watu hakuna.

Sinema za mazombi mimi naangalia huku nakula chipsi. Hii imenifanya saa nane usiku nipande ghorofa ya tatu nimefungulia redio ya simu hadi mwisho. Taa za kule nazo zinavuma vilevile! Miaka mitatu niko lindo hili, sikuwahi kuzisikia. Na kinachoniudhi, nimeshairudia mara tano. Nipo peke yangu?

FundiPicha: Umetishwa na mtoto, mkuu. Parsons alikuwa na miaka 16 alipoiweka YouTube, Januari 2022. Kuta zile ametengeneza kwa Blender, programu ya bure, hata mimi naitumia kwa matangazo ya harusi. Ufundi wake uko kwenye ubovu: picha ameichafua ifanane na kanda ya VHS, kamera inayumba kama ya mpiga video wa sendoff aliyeshaonja. Picha ikiwa safi unajua umetengenezewa. Ikiwa mbovu, unasema huyu alikuwepo. Lile dude linalomkimbiza ndilo limeniharibia, bora asingelionyesha.

Kobe77: Hofu za walioshiba hizo. Niulize mimi niliyekimbizwa na mbwa Manzese.

BintiMakorora: Kobe, mbwa anajulikana anataka nini. Ndiyo tofauti yenyewe.

Mimi hiyo hainitishi tena. Picha ya chumba kitupu cha manjano iliyoanzisha habari yote ya Backrooms ilisambaa 2019, na 2024 watu wakaifukunyua hadi kwao: duka la zamani la samani huko Oshkosh, Wisconsin, lililopigwa picha 2002 likiwa kwenye ukarabati. Nilipojua, hofu kwisha, kama kuambiwa jini la mnazini lilikuwa shuka limeanikwa.

Inayonikosesha usingizi ni ya Chicago, Novemba 22, 1987. Mtu aliingilia matangazo ya vituo viwili vya televisheni usiku mmoja, amevaa sura ya bandia ya Max Headroom, mhusika wa televisheni wa miaka hiyo, nyuma yake bati linazunguka. Mara ya kwanza sauti haikutoka, mvumo tu. Ya pili alibwabwaja kama dakika moja na nusu, akamalizia kwa kuchapwa matako na kipigia nzi. Ni upuuzi mtupu, lakini hajajulikana hadi leo. Huenda ni babu wa watu sasa, anakunywa chai.

Mlinzi_wa_Zamu: Binti, umeniongezea kazi, hiyo nimeshaitafuta. Nadhani umenigusa, maana jengo hili mchana lina watu hadi ngazini, usiku halina mwenyewe. Nimetoka kuzunguka sasa hivi. Ghorofa ya tatu nimezima taa zote, heri giza kuliko ule mvumo. Bosi akiuliza, nabana umeme.