Kelele ya 50 Hz kwenye elektrodi: kizimba cha Faraday, kichujio, au kupanga ethi upya?

mtafiti_neva
Wakuu, naomba ushauri. Narekodi spaiki (mipigo mifupi ya umeme ya seli za neva) pamoja na mawimbi ya polepole kwenye vipande vya tishu ya ubongo, kwa elektrodi za tungsteni za kama megaomu 1. Wimbi la 50 Hz, yaani la umeme wa ukutani, limefunika kila kitu, spaiki ndogo hazionekani kabisa. Bajeti inaruhusu kitu kimoja: kizimba cha Faraday (kizimba cha wavu wa chuma kinachokinga umeme wa nje) au kichujio cha 50 Hz. Mngechukua kipi?

fundi_elektroniki
Usinunue kitu kabla hujapima. Toa elektrodi, kisha unganisha ingizo la kikuza-awali (kikuza ishara cha kwanza, kinachopokea elektrodi) na rejea (waya wa pili wa kulinganishia ishara) kwa waya mfupi. Kelele ikibaki, inaingilia kwenye nyaya, pawa saplai au ethi. Ikiisha, weka rezista ya megaomu 1 mahali pa elektrodi. Kelele ikirudi vilevile, elektrodi haina kosa, ni mazingira. Rezista ikiwa tulivu, geukia elektrodi, rejea na bafu (chombo cha maji ya chumvi chenye tishu).

spaiki_tu
Kwa anayetaka spaiki peke yake, kupitisha masafa ya 300 hadi 3000 Hz tu kunatosha mara nyingi. Wewe unataka na mawimbi ya polepole, na hapo kichujio cha 50 Hz ni hatari: kinaondoa kelele pamoja na data iliyo kwenye masafa hayohayo, na spaiki kubwa ikipita inaacha mitetemo nyuma yake ambayo tishu haikuitoa. Tena 100 na 150 Hz zinabaki palepale.

mlinzi_wa_bafu
Mbona hakuna aliyeuliza hali ya waya wa rejea? Waya wa fedha wenye kloridi unatakiwa uwe na rangi ya kijivu iliyokolea au zambarau. Ukiuona unang'aa, kloridi imebanduka na mstari wa msingi wa rekodi utakuwa unahamahama. Usugue kwa msasa laini, uloweke kwenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo hadi rangi ishike pote, halafu suuza sana, maana klorini inaua tishu. Angalia na mrija wa maji ya chumvi: maji yale ni waya tosha, yanabeba kelele ya pampu mpaka kwenye bafu. Weka chupa ya matone katikati, maji yadondoke tone kwa tone, ili njia ya umeme ikatike.

mtafiti_neva
Nimepima. Kwa waya mfupi kimya, kwa rezista kelele ni ndogo, nikirudisha elektrodi kwenye bafu inapanda sana. Waya wa rejea kweli unang'aa. Halafu kuzima pampu kwa swichi hakubadilishi kitu, ila nikichomoa plagi yake wimbi linashuka papo hapo.

fundi_elektroniki
Basi chanzo umeshakipata. Waya wa umeme wa pampu una volti hata swichi ikiwa imezimwa, na mrija unaileta ndani. Weka chupa ya matone, sogeza waya huo mbali, kisha panga ethi: meza, darubini na kishikio, kila kimoja na waya wake hadi nukta moja tu kwenye kikuza. Kifaa chenye njia mbili za ethi kinafanya kitanzi, na kitanzi kinavuta kelele. Ila pini ya ethi ya plagi usiikate kamwe, hata kama kelele inapungua. Ile inalinda uhai wako.

spaiki_tu
Kizimba ninakikubali, lakini kiwe cha mwisho. Kinazuia uga wa umeme, ambao kwa elektrodi ya megaomu 1 ni tatizo kweli. Uga wa sumaku wa transfoma unapenya wavu wa shaba kama haupo, dawa yake ni kuisogeza mbali. Ukikijenga, kiunge kwenye nukta ileile ya ethi, la sivyo kitakuwa antena, na pampu ikae nje. Wavu wa chuma wa kawaida unatosha, usilipie kilichotengenezwa tayari.