Mjadala: Fedha za umma ziende kwenye leza ya gesi inayosukumwa na jua?

Mtoa hoja, Wete: Assalaam alaykum. Umeme wa waya wa baharini ulipokatika Disemba 2009, Unguja ilikaa gizani miezi mitatu. Leza hii, yaani kifaa cha kutoa mwali mwembamba wa mwanga, haihitaji umeme wa kuisukuma, mwanga wa jua wenyewe ndio unaochangamsha gesi. Kituo cha utafiti cha Langley, cha shirika la anga la Marekani NASA, kiliionesha miaka ya 1980. Kwa nini tusiifanyie utafiti, mwali upeleke nishati hadi kisiwa cha Kojani bila waya?

Mhandisi, Tunguu: Wa alaykum salaam, ndugu. Langley walitumia taa zinazoigiza jua la angani. Gesi yao, C3F7I, yenye ayodini, hunyonya mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 250 hadi 290 hivi, na tabaka la ozoni huuzuia karibu wote kabla haujatufikia. Weka kioo kikubwa utakavyo, mrija wa kwatzi utapata moto tu. Hata huko angani, ukisukuma kwa nanomita 275 na leza ikatoa kwa 1,315, kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, inapoteza karibu asilimia 79 ya nishati.

Fundi, Chake Chake: Basi tutumie IBr, gesi ya ayodini na bromini. Hiyo hunyonya karibu nanomita 500, mwanga tunao tele na kioo cha kawaida kinaupitisha.

Mhandisi, Tunguu: Hapo umesema kweli, lakini mwali wake hutoka kwa mikromita 2.7, pale pale mvuke wa maji unaponyonya kwa nguvu. Kwa unyevu wa masika hautafika Kojani. Tupige hesabu. Kioo cha mita mraba 10, jua kali, ni kilowati 10. Leza ya asilimia 1 inatoa wati 100, na kipokezi kikigeuza nusu, zinabaki 50. Paneli za jua za eneo hilo hilo, za asilimia 20, zinatoa kilowati 2, tena hupokea na mwanga uliotawanywa na mawingu. Kioo cha kukusanya hakiwezi kuutumia mwanga huo.

Mwalimu wa fizikia, Mkoani: Na matunzo je? Katika leza ya ayodini, I2 inayozalika huzima atomi zilizochangamka, kwa hiyo gesi lazima izungushwe na kupitishwa kwenye mtego wa baridi unaoigandisha I2 hiyo. Hewa ikivuja kidogo tu, oksijeni nayo inazizima. Kioo cha alumini kisichofunikwa kitaliwa na chumvi ya bahari. Kwa kufundishia vijana, leza ya fuwele ya Nd:YAG, badala ya gesi, na lenzi bapa ya Fresnel ya kukusanya jua ni bora: zimeshapatikana zaidi ya wati 30 kwa mita mraba, kwa jua la ardhini.

Mtoa hoja, Wete: Hesabu ya wati 50 nimeikubali, Mhandisi. Kojani wapewe paneli na betri. Ila leza za setilaiti vijana wetu wasomeshwe, hapo sirudi nyuma.