Mjadala: Anayeongea na anayeimba wawe mtu mmoja au wawili?

Wadau, habari zenu. Juzi tulikuwa tunazungumzia filamu zinazoingizwa sauti kwa lugha nyingine, na mwenzetu mmoja akasema: maongezi apewe mwigizaji, nyimbo apewe mwimbaji, kwani mshika mbili moja humponyoka. Wengi mlimuunga mkono. Mimi napinga, na ushahidi wangu nautoa Italia.

Kwa nini Italia? Kwa sababu kule filamu ya kigeni kuongea Kiitaliano ni jambo la kawaida tangu enzi za mababu. Mwaka 1930 serikali ya Mussolini ilipiga marufuku maongezi ya lugha za kigeni kwenye sinema, na mwaka 1933 sheria ikataka kazi ya kuingiza sauti ifanyike ndani ya nchi. Utawala ule ulikuja kuanguka, lakini mafundi walishazaliwa. Leo Mtaliano anaweza kukutajia aliyekuwa sauti ya Robert De Niro, mwigizaji wa Marekani, kama sisi tunavyotaja mfungaji wa goli la fainali.

Sasa mchukueni Gigi Proietti, mwigizaji na mwimbaji wa Italia. Alizaliwa Roma tarehe 2 Novemba 1940, akafariki hukohuko tarehe ileile mwaka 2020, siku aliyotimiza miaka 80. Alipokuwa anasoma sheria chuo kikuu, usiku alikuwa akiimba kwenye kumbi za starehe ili apate riziki. Shahada hakuimaliza. Mwaka 1970 mwimbaji Domenico Modugno alijitoa kwenye mchezo wa nyimbo ulioitwa Alleluja brava gente, Proietti akaitwa kuziba pengo, akasimama ukumbi wa Sistina bega kwa bega na mwigizaji Renato Rascel, na kuanzia hapo jina lake likajulikana. Mwaka 1976 akaja na onyesho lake la peke yake, A me gli occhi, please: mtu mmoja jukwaani, anaimba, anasimulia, anageuka mtu huyu na yule mbele ya macho ya watu.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeingia studio. Stallone, yule bondia wa filamu ya kwanza ya Rocky, anaongea Kiitaliano kwa sauti ya Proietti. Gandalf, yule mzee mchawi wa filamu tatu za The Hobbit, ni yeye. Lakini kazi ninayotaka tuibishanie ni Jini wa Aladdin, ile katuni ya 1992.

Kwenye ile filamu Robin Williams, sauti ya Jini kwa Kiingereza, alirekodi kwanza, akabadilisha sauti ovyo ovyo kadiri alivyojisikia, na wachoraji wakamfuata yeye. Proietti alikuta midomo imeshachorwa. Ilibidi aukimbize mdomo wa mtu mwingine, kwa lugha nyingine, na bado asikike kama anayebuni palepale. Na akaimba mwenyewe. Msikilizeni anapotoka kwenye maongezi kuingia kwenye wimbo: hakuna mahali utakapoweka kidole useme hapa ndipo alipoanza kuimba. Sauti inapanda kidogokidogo, neno moja bado ni la kuongea, linalofuata lina muziki nusu, kisha unashtukia bendi imeshaingia.

Kwa wasiojua, kazi yenyewe hufanyika hivi. Filamu hukatwa vipande vifupi, Waitaliano huviita anelli, yaani pete, kwa kuwa zamani kila kipande cha mkanda kiliungwa ncha kwa ncha kizunguke. Chumba kina giza. Mwigizaji amesimama mbele ya kimeza cha maandishi chenye taa ndogo, sikio moja linasikia sauti ya asili, jicho moja liko kwenye karatasi na jingine kwenye mdomo ulioko kwenye skrini. Mdomo ukifumba, naye awe na m, b au p ya kufumbia. Yote haya huku akitakiwa alie, acheke au aombe radhi.

Sasa angalieni kilichotokea mwaka 2019, Aladdin ilipotengenezwa upya kwa waigizaji wa kweli. Jini alikuwa Will Smith. Kwa Kiitaliano maongezi alipewa Sandro Acerbo, ambaye ndiye sauti ya Will Smith iliyozoeleka kule, na nyimbo akapewa Marco Manca. Koo mbili kwa mwili mmoja. Na Proietti je? Alikuwemo kwenye filamu hiyohiyo, safari hii akiwa sauti ya Sultani. Jambo hili liliniuma, nasema wazi.

Najua mtanijibu nini. Mtasema Acerbo anastahili, kwani mtazamaji amemzoea na angeshtuka kumsikia Will Smith mwingine. Hoja hiyo ni nzito na siibezi. Mtasema pia kwamba katuni ileile ya 1992 ilimgawa Aladdin mwenyewe: Massimiliano Alto aliongea, Vincent Thoma akaimba, na hakuna mtoto aliyelia. Na Belle, yule msichana wa katuni ya Beauty and the Beast, aliongea kwa sauti ya Laura Boccanera akaimba kwa sauti ya Marjorie Biondo, na nyimbo zile bado zinapendwa. Kweli tupu.

Ila mimi nasikiliza pumzi. Kila mtu ana namna yake ya kuvuta hewa kabla ya kusema jambo zito. Msichana anaongea, anasita, anavuta pumzi, halafu pumzi inayotoka ni ya mtu mwingine. Rangi ya sauti mnaweza kuifananisha, fundi mitambo hodari atawasaidia. Pumzi haifanani. Mhusika anapoimba ni kwa sababu maneno ya kawaida yamemshinda, na hapo ndipo mnamnyang'anya aliyebeba maneno hayo tangu mwanzo!

Na msiniambie watu wa kufanya yote mawili hawapatikani. Mwaka 2013 katuni ya Frozen, ile ya ndugu wawili Elsa na Anna, ilipoingizwa Kiitaliano, Serena Autieri aliongea na kuimba Elsa, Serena Rossi aliongea na kuimba Anna. Wote wawili ni watu wa jukwaa, wamezoea kuimba na kuigiza usiku mmoja bila kurudia. Olaf, yule wa theluji, alikuwa Enrico Brignano, aliyefundwa kwenye shule ya uigizaji ya Proietti huko Roma. Kwa hiyo wapo. Wanatafutwa jukwaani, na kutafuta huko ni gharama na muda, ndiyo maana wengine hupita njia ya mkato.

Haya, uwanja ni wenu. Mnaotetea watu wawili, nileteeni tukio moja tu ambapo maongezi yanapanda kuwa wimbo, koo zikabadilishana, na nyinyi hamkusikia mshono. Taja filamu, taja lugha. Nitavaa hedifoni nisikilize, kisha nirudi hapa kujibu.